Usahili kama Kanuni ya Usalama: Ushonaji wa Mwanasesere wa Kitambaa kwa Mtoto Mdogo katika Mazingira ya Kariakoo, Dar es Salaam

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna ya kushona kwa mkono mwanasesere sahili wa kitambaa kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa kutumia vifaa vinavyopatikana Kariakoo na katika mitaa ya jirani jijini Dar es Salaam. Hoja yake kuu ni kwamba usahili wa mwanasesere wa aina hii hautokani na upungufu wa ufundi, bali ni kanuni ya usalama. Kila kinachobandikwa juu ya mwili wake ni kitu kinachoweza kung'oka na kuishia kinywani mwa mtoto. Makala yanaanza kwa kuchambua istilahi na kumtofautisha mwanasesere wa kuchezea na mwana hiti wa Wazaramo. Kisha yanajadili uteuzi wa kitambaa, kijazio na uzi, yanaeleza hatua za ushonaji pamoja na sababu ya kila hatua, na kupendekeza majaribio matatu yanayoweza kufanyika nyumbani. Mwishoni yanagusia nafasi ya mwanasesere katika malezi na katika taswira ya mtoto kuhusu nafsi yake.

1.0 Utangulizi

Kariakoo ni eneo ambalo jina lake lenyewe lina historia ya mizigo. Limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao waliweka kambi mahali hapo baada ya Dar es Salaam kutwaliwa mwaka 1916. Leo eneo hili ndilo kitovu cha biashara ya jumla na rejareja nchini Tanzania, na soko lake kuu limo katika jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Hata baada ya moto wa Julai 2021 kuliunguza soko hilo, mitaa inayolizunguka iliendelea kuuza karibu kila kitu ambacho kaya ya mjini inakihitaji.

Miongoni mwa bidhaa hizo ni vichezeo vya watoto. Sehemu kubwa ya vichezeo hivyo hutengenezwa viwandani kwa plastiki na kuingizwa kutoka nje ya nchi. Wakati huohuo, katika mitaa hiyohiyo, mafundi cherehani wanaofanya kazi barazani huzalisha kila siku mabaki ya vitenge, kanga na vitambaa vya sare za shule ambayo hayatoshi kushonea vazi. Mzazi anayepita hapo anakuwa na vitu viwili mbele yake: kichezeo kilichokamilika ambacho hajui kimeundwa vipi, na malighafi ambayo haijawa kichezeo. Makala haya yanahusu safari ya malighafi hiyo hadi kuwa mwanasesere.

Suala hili linastahili maelezo ya kitaaluma kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto mdogo huuchunguza ulimwengu kwa kinywa kabla ya kuuchunguza kwa maneno. Kosa dogo la mshonaji, kwa mfano kifungo kilichoshonwa kwa uzi hafifu, linaweza kumkaba mtoto roho. Pili, maarifa ya ushonaji wa aina hii hupitishwa zaidi kwa kuonyeshana kuliko kwa maandishi, na maandishi ya Kiswahili yanayoeleza sababu za kila hatua si mengi. Mtu anayeonyeshwa bila kuelezwa sababu hujua cha kufanya, lakini hukwama kifaa alichozoea kinapokosekana na kulazimika kutumia kingine.

2.0 Istilahi na Usuli

2.1 Mwanasesere, mdoli na mtoto wa bandia

Katika Kiswahili sanifu neno linalotumika ni mwanasesere, na lahaja yake ya kimatamshi ni mwanaserere. Mitaani Dar es Salaam neno linalosikika zaidi ni mdoli, ambalo asili yake ni Kiingereza na wingi wake ni midoli. Wapo pia wanaosema mtoto wa bandia. Tofauti ya maneno haya haiishii kwenye asili yake. Mwanasesere, kwa kuwa limebeba kiini mwana, huchukua upatanisho wa viumbe hai: mwanasesere huyu amechanika. Midoli, kwa upande mwingine, mara nyingi hupatanishwa kama vitu: midoli hii imechanika. Kwa hiyo sarufi ya neno la kwanza inamhesabu mwanasesere kuwa mtu, jambo ambalo mtoto naye hulifanya katika mchezo anapomlisha, anapomlaza na anapomkaripia. Makala haya yanatumia neno mwanasesere kwa sababu hiyo.

2.2 Mwana hiti si kichezeo

Mtafiti anayeandika kuhusu wanasesere katika pwani ya Tanzania hawezi kumkwepa mwana hiti. Dar es Salaam imekua juu ya ardhi ya Wazaramo, na miongoni mwao, kama ilivyo kwa Wakwere na jirani zao wengine, kumekuwa na sanamu ndogo ya mti inayohusishwa na unyago wa wasichana. Umbo lake ni kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa kilichochongwa nywele kwa namna ya pekee. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa sanamu hiyo aitunze kama mtoto. Marja-Liisa Swantz, ambaye kitabu chake kuhusu ibada na ishara katika jamii ya Wazaramo kilichapishwa mwaka 1970, ni miongoni mwa watafiti walioieleza kwa kina katika muktadha wa maisha ya wanawake.

Mwana hiti ni chombo cha mafunzo na ibada, kwa hiyo si sahihi kumwita asili ya mwanasesere wa kuchezea. Hata hivyo, anatoa funzo moja la kiumbo. Sanamu isiyo na viungo na yenye sura iliyodokezwa tu imetosha, kwa vizazi, kutambulika kuwa mtoto. Watoto wenyewe wamekuwa wakithibitisha jambo hilohilo kwa wanasesere wa magunzi ya mahindi waliofungwa matambara: gunzi halina macho, lakini hubebwa mgongoni na kubembelezwa. Wingi wa mapambo, basi, si sharti la mwanasesere kukubalika kwa mtoto.

3.0 Uteuzi wa Vifaa

3.1 Kitambaa

Mwanasesere anayeelezwa hapa ana urefu wa sentimita 30. Anahitaji vipande viwili vya kitambaa cha rangi ya kahawia kwa ajili ya kichwa, kila kimoja sentimita 16 kwa 14, na vipande viwili vya kitenge kwa ajili ya mwili, kila kimoja sentimita 35 kwa 26. Vipimo hivi vimo ndani ya ukubwa wa mabaki yanayobaki mezani kwa fundi baada ya kukata gauni.

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba, au cha pamba iliyochanganywa na poliesta, kilichofumwa kwa kubana. Kipimo rahisi ni kukiinua kuelekea mwanga. Iwapo mianya kati ya mtande na mshindio inaonekana wazi, nyuzi za kijazio zitapenya na mshono utafumuka upesi. Marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho jina lake limebaki tangu biashara ya karne ya 19 kati ya Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, kinafaa kwa mwili endapo ni kizito. Kitambaa cha kuvutika, kama kile cha fulana, kiepukwe na anayeanza kwa sababu hutanuka wakati wa kujaza na kupotosha umbo.

Kanga inafaa pia, ila ina sharti lake. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ni ujumbe kati ya watu wazima. Mshonaji anayekata kipande chenye maandishi ama akiache kisomeke chote au akikwepe kabisa, kwa sababu neno lililokatwa katikati huweza kutoa maana ambayo hakuikusudia.

Kitambaa chochote kifuliwe kabla ya kukatwa. Kitenge kipya huwa na ukakamavu wa kiwandani unaotoka katika maji, na pamba husinyaa katika ufuaji wa kwanza. Mwanasesere aliyeshonwa kwa kitambaa kisichofuliwa atakunjamana mshononi siku ya kwanza atakapooshwa. Baada ya kufua, pembe ya kitambaa ilowanishwe kwa maji ya uvuguvugu na kusuguliwa kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, itahamia pia kinywani mwa mtoto, na kitambaa hicho kiachwe kwa matumizi mengine. Vitambaa vya rangi nzito, kaniki ikiwamo, vipimwe kwa uangalifu zaidi.

3.2 Kijazio

Hapa ndipo hali ya hewa ya Dar es Salaam inapoamua zaidi kuliko ladha ya mshonaji. Jiji lina joto na unyevunyevu karibu mwaka mzima, na katika msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, nguo nene huchukua siku kadhaa kukauka. Kijazio kinachoshika maji hubaki kibichi ndani hata pale kitambaa cha nje kinapoonekana kikavu, na matokeo yake ni ukungu na harufu.

Vijazio vinne ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi. Cha kwanza ni usufi, yaani nyuzi za tunda la msufi ambazo kwa muda mrefu zimejazia mito na magodoro. Usufi ni mwepesi, na nyuzi zake zina uwazi ndani na utando wa nta unaozuia maji. Kwa sababu hiyo uliwahi kutumika katika maboya ya kuokolea majini. Udhaifu wake ni kwamba hujikusanya mabonge baada ya kufuliwa, hutoa vumbi na hushika moto kwa urahisi. Cha pili ni pamba ya kawaida, ambayo ni salama kwa ngozi lakini hufyonza maji mengi na kukauka polepole. Cha tatu ni vipande vya sponji. Hivi ni rahisi kupatikana, lakini sponji hunyonya maji, humegeka kadiri inavyozeeka, na mshono ukifumuka hutoka vipande vinavyoweza kung'atwa na kumezwa. Cha nne ni nyuzi za poliesta zinazojazia mito. Hizi hazifyonzi maji, hurudia umbo baada ya kuminywa na hukauka upesi kuliko nyinginezo.

Kwa mtoto wa umri unaozungumziwa, ambaye mwanasesere wake atalazimika kufuliwa mara kwa mara, poliesta ndiyo inayopendekezwa. Kiasi kinachohitajika ni takribani gramu 60 hadi 100, kulingana na ugumu unaotakiwa. Mabaki madogo ya vitambaa yaliyokatwakatwa yanaweza kutumika mahali pa poliesta kama hakuna njia nyingine, lakini humfanya mwanasesere awe mzito na achelewe kukauka. Mchele, maharage, mchanga na shanga visitumike kamwe, hata kwa kumpa mwanasesere uzito wa kukaa.

3.3 Uzi, sindano na vifaa vingine

Uzi wa poliesta wa cherehani, ukiwa mara mbili, ni imara kuliko uzi wa pamba wa unene uleule na hauozi kwa unyevu. Kwa sura na nywele utumike uzi wa kudarizi wa pamba usiochuja rangi. Vifaa vingine ni sindano ya mkono yenye ncha kali, subana ya kukingia kidole, mkasi, futi kamba, chaki ya mafundi, karatasi ngumu ya kiolezo na pini. Pini zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi. Pini moja iliyopotea ndani ya kijazio haionekani, na huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye mikononi mwa mtoto.

4.0 Hatua za Ushonaji

4.1 Kiolezo

Karatasi ikunjwe katikati na nusu ya umbo ichorwe kwenye ukingo wa mkunjo, ili pande mbili zilingane karatasi itakapokunjuliwa. Kichwa kiwe na upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 9. Shingo iwe fupi na pana, yaani upana wa sentimita 5. Mikono inyooke kwa kutanuka pembeni, kila mmoja urefu wa sentimita 9 na upana wa sentimita 5. Kiwiliwili kianze na upana wa sentimita 9 chini ya makwapa na kifikie sentimita 12 kiunoni. Miguu iwe na upana wa sentimita 5 kila mmoja, na kati yake pawe na nafasi ya sentimita 2. Ncha zote ziwe za mviringo.

Vipimo hivi vina sababu. Neli ya kitambaa yenye upana wa sentimita 5 ikiwa bapa, ikijazwa huwa na kipenyo cha takribani sentimita 3.2, unene ambao kiganja cha mtoto mdogo kinaweza kuukamata. Shingo nyembamba ndiyo kasoro ya kawaida ya wanasesere wa kushonwa nyumbani, kwani kijazio hakipiti vizuri, kichwa huanguka upande, na mtoto anapombeba mwanasesere kwa kichwa mshono huo ndio hubeba uzito wote. Mikono iliyonyooka pembeni humwezesha mwanasesere kufungwa mgongoni kwa mbeleko bila kuchuruzika, na kubebwa mgongoni ni miongoni mwa michezo ya kwanza atakayochezewa.

4.2 Sura na nywele

Kabla ya kuunganisha chochote, sura idariziwe kwenye kipande cha mbele cha kichwa. Utaratibu huu ni kinyume cha mazoea ya wengi, ambao huacha sura hadi mwisho. Faida yake ni kwamba mafundo yote ya uzi hubaki upande wa ndani, mahali ambapo jino wala ukucha haufiki. Macho yawe duara dogo lililojazwa kwa uzi mweusi, na mdomo uwe mstari mfupi uliopinda kidogo. Vifungo, shanga na macho ya plastiki visitumike.

Nywele nazo zidariziwe. Nywele za uzi wa sufu zinazoning'inia hupendeza machoni, lakini huvutwa, hunyonywa na hatimaye hung'oka, na uzi mrefu huweza kujizungusha kidoleni mwa mtoto. Badala yake, mistari ya uzi mweusi mzito ishonwe sambamba kutoka kwenye paji la uso kuelekea utosini, kwa mfano wa ususi wa twende kilioni, na kuendelezwa kwenye kipande cha nyuma ili ikutane juu. Kwa njia hiyo mwanasesere anapata nywele zinazofanana na za watoto wa mtaani, na hakuna unyoya hata mmoja wa kuvutwa.

4.3 Kuunganisha na kushona mzingo

Kila kipande cha kichwa kiunganishwe na kipande cha kitenge kwenye mstari wa shingo, kikiwa katikati ya upande mrefu wa kitenge, kwa ziada ya mshono ya sentimita 1. Mshono huu upigwe mara mbili. Kwa kufanya hivyo nguo ya mwanasesere inakuwa ndiyo mwili wake, wala hakuna vazi la kuvuliwa na kupotea.

Kisha vipande viwili vilivyokamilika, vya mbele na nyuma, viwekwe sura zikitazamana ndani, mishono ya shingo ikilingana sawasawa. Vishikizwe kwa pini na kupigwa bandi. Kiolezo kiwekwe juu, mtande ukielekea urefu wa mwili, na mzingo uchorwe kwa chaki. Hapa kanuni ni kushona kwanza na kukata baadaye. Vipande vilivyokatwa kabla ya kushonwa huteleza na kujipinda kwenye mikono na miguu, ilhali kitambaa kizima hutulia.

Mshono uwe wa kurudi nyuma, yaani sindano itoke mbele na kurudi hadi mwisho wa hatua iliyotangulia, ili pasiwe na nafasi kati ya hatua na hatua. Urefu wa hatua moja uwe milimita 2. Mzingo wa mwanasesere huyu ni takribani sentimita 140, kwa hiyo mshonaji atapiga karibu hatua 700. Idadi hiyo ndiyo gharama halisi ya mwanasesere wa mkono, na ndiyo pia uimara wake. Cherehani hufupisha kazi kwa kiasi kikubwa na haina ubaya wowote, mradi hatua ziwe fupi. Kwapa, shingo na njia panda ya miguu zipigwe mshono wa pili juu ya wa kwanza. Uachwe uwazi wa sentimita 6 ubavuni, kwenye sehemu iliyonyooka. Uwazi usiachwe kichwani wala kwenye mkunjo, kwa kuwa mshono wa kufungia ndio dhaifu kuliko yote na hautakiwi kuwa mahali panapovutwa.

4.4 Kukata, kugeuza, kujaza na kufunga

Kitambaa kikatwe sentimita 1 nje ya mshono. Kwenye mikunjo ya ndani, yaani shingoni, kwapani na kati ya miguu, ziada hiyo ichanjwe kwa mkasi hadi kubakia milimita 2 kabla ya kufikia mshono. Asiyechanja hupata mwanasesere mwenye makunyanzi kwapani, na anayechanja kupita kiasi hukata mshono wenyewe. Bandi zitolewe, pini zihesabiwe, kisha mwanasesere ageuzwe kupitia uwazi kwa msaada wa mpini wa kijiko cha mbao. Kitu chenye ncha kali hutoboa kitambaa.

Kijazio kiingizwe kwa mafumba madogo, kuanzia mikononi na miguuni, kisha kichwani, kisha shingoni, na mwisho kiwiliwilini. Shingo ishindiliwe zaidi ya sehemu nyingine. Mikono na miguu isijazwe hadi kuwa migumu, kwa sababu kiungo kilichoshindiliwa sana huubana mshono na huchelewa kukauka. Kingo za uwazi zikunjwe ndani na kufungwa kwa mshono wa kuficha, sindano ikipita kwa zamu upande mmoja na mwingine kama vipago vya ngazi. Mshono huo urudiwe mara ya pili, na ncha ya uzi ipitishwe ndani ya mwili kwa sentimita kadhaa kabla ya kukatwa, fundo lisibaki nje.

5.0 Majaribio Matatu

5.1 Jaribio la kinywa

Katika viwango vya usalama wa vichezeo, Marekani ikiwamo, sehemu ndogo hupimwa kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, inayokadiria koo la mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kitu kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa hatari. Nyumbani kiini cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana kidogo kuliko silinda hiyo, hutoa kipimo chenye tahadhari zaidi. Mshonaji ajiulize ni kitu gani juu ya mwanasesere kinaweza kutengana na mwili na kupita katika kiini hicho. Kwa mwanasesere aliyeelezwa hapa jibu linapaswa kuwa: hakuna.

5.2 Jaribio la mvuto

Kiwango cha Ulaya cha EN 71 huvuta sehemu za kichezeo ambazo mtoto anaweza kuzishika kwa nguvu ya hadi nyutoni 90 kwa sekunde 10. Nguvu hiyo inakaribia uzito wa kilo 9. Bila mizani ya maabara, mwanasesere wa majaribio anaweza kufungwa mkono kwa utepe mpana wa kitambaa na kuning'inizwa ndoo yenye lita 8 za maji, uzito wa ndoo yenyewe ukifidia kilichobaki. Baada ya sekunde 10 mshono utazamwe. Ikiwa nyuzi zimeachana kiasi cha kuonyesha kijazio, hatua zilikuwa ndefu au uzi ulikuwa hafifu. Jaribio hili halichukui nafasi ya ukaguzi wa maabara kwa anayekusudia kuuza, lakini humwonyesha mshonaji udhaifu wake kabla mtoto hajauonyesha.

5.3 Jaribio la maji

Mwanasesere afuliwe kwa mkono katika maji ya sabuni, asuuzwe, aminywe ndani ya taulo bila kukamuliwa kwa kusokotwa, kisha aanikwe juani huku akigeuzwa. Baada ya siku moja kiwiliwili kiminywe kwa nguvu na kunuswa. Iwapo bado ni kibichi baada ya siku mbili za jua, kijazio hakifai au kimeshindiliwa kupita kiasi. Jaribio hili lifanyike kabla ya kumkabidhi mtoto, kwa sababu mtoto akishamzoea mwanasesere hakubali kirahisi kutenganishwa naye kwa siku mbili.

Majaribio yote matatu hayaondoi tahadhari moja: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na mwanasesere wala kitu kingine laini, kwa kuwa kinaweza kumfunika pua. Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinatoa ushauri huo, na nyumba za chumba kimoja ambamo mtoto hulala pamoja na watu wazima zinauhitaji zaidi.

6.0 Mjadala

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inatambua haki ya mtoto kucheza. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inauhesabu ujifunzaji wa awali kuwa miongoni mwa nguzo za malezi. Haki hiyo, hata hivyo, hutimia pale tu mtoto anapokuwa na kitu cha kuchezea mkononi. Kwa kaya au kituo cha kulelea watoto mchana chenye kipato kidogo, mwanasesere wa mabaki ya vitambaa ni mojawapo ya njia fupi za kufika hapo.

Jambo la pili ni rangi. Makala haya yamependekeza kichwa cha kitambaa cha kahawia si kwa sababu ya urahisi wa kukipata pekee. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth Clark na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere waliotofautiana kwa rangi tu, na wengi wa watoto hao waliwapendelea wanasesere weupe. Matokeo hayo yalitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni. Mazingira ya Dar es Salaam si yale, na haifai kuyahamisha matokeo hayo kama yalivyo. Lakini swali linabaki halali: mtoto wa Kariakoo anayemwita mwanasesere wake mwanangu, anamwona mwana anayefanana naye? Mshonaji anaweza kulijibu kwa kipande cha kitambaa, ilhali mnunuzi hutegemea kilichopo kwenye kontena.

Jambo la tatu ni ubora. Inaweza kudaiwa kwamba mwanasesere asiye na macho ya kung'aa, nywele ndefu wala nguo za kubadilisha ni duni akilinganishwa na wa dukani. Dai hilo linapima kichezeo kwa jicho la mtu mzima. Katika shule za mkondo wa Waldorf, ulioanza Stuttgart mwaka 1919, wanasesere hushonwa kwa makusudi wakiwa na sura ya kudokezwa tu, ili mtoto mwenyewe aamue kama mwanasesere anacheka au analia. Mwana hiti na gunzi la mahindi vinaelekeza upande huohuo. Usalama na ubunifu, katika suala hili, havivutani. Kile kinachoondolewa ili mtoto asikabwe ndicho pia kinachomwachia nafasi ya kuwaza.

Mtoto anapovuka miaka mitatu na kuacha kutia vitu kinywani, nyongeza zinaweza kuanza taratibu: gauni la kuvuliwa, mbeleko ya kipande cha kanga, kilemba. Kwa hiyo usahili unaotetewa hapa una umri wake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kila uamuzi katika ushonaji wa mwanasesere wa mtoto mdogo una sababu inayoweza kuelezwa na kupimwa. Sura hudariziwa kabla ya mshono ili mafundo yakae ndani, shingo hupanuliwa kwa kuwa ndipo mtoto anaposhika, na uwazi huachwa ubavuni kwa kuwa ndipo pasipovutwa. Poliesta hupendekezwa kwa sababu ya unyevu wa jiji, na nywele hudariziwa kwa sababu ya kinywa cha mtoto. Anayezijua sababu hizi anaweza kubadili vipimo, kitambaa au umbo bila kupoteza usalama. Anayejua hatua peke yake hawezi.

Inapendekezwa kwamba maelezo ya aina hii yaingizwe katika mafunzo ya walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana na katika masomo ya stadi za kazi, yakiambatana na majaribio matatu yaliyoelezwa. Aidha, watafiti wa Kiswahili wanahimizwa kukusanya istilahi za mafundi cherehani wa Kariakoo, ambazo sehemu yake imetumika hapa, kabla hazijamezwa na lugha ya bidhaa zinazowasili zikiwa zimekwisha kushonwa.